Nyumba ya Kemunto Ndani ya Miwani

Nyinyi vijana mnaopanda mlima wa Manga na mabegi yenye zipu kila upande, mkifika kule juu kitu cha kwanza mnatafuta pa kuchaji simu. Mimi nitawaambia kitu cha kwanza cha kazi. Mtu akivaa ile miwani kubwa inayoziba macho yote, usimshike mkono. Mshike kiwiko. Ukimshika mkono atadhani unamvuta, atakaza mwili, halafu atakuangukia mzima mzima. Ukimshika kiwiko anajua kuna mtu karibu, na anaenda kule anakoenda. Nimeshika viwiko vya wauguzi, vya machifu, vya padri mmoja aliyeogopa mpaka akaniita mama, na vya wazungu wenye jasho jingi. Hakuna aliyeanguka. Hilo nalisema bila kuinamisha kichwa, ingawa shule niliiona kidogo tu, ya kutosha kusoma Biblia kwa kidole na kuandika haya.

Nilikuwa mtu wa Profesa Moraa. Nilianza kama mpishi wa wanafunzi wake, nikamaliza nikiwa mtunza mlingoti wa mtandao na miwani, na leo nina mjukuu wa kike anayesomea kazi hiyo hiyo na kunisahihisha nikitaja majina ya vifaa. Namwacha anisahihishe. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni nikikaza nyaya.

Profesa ni binti wa Nyamira. Alisomea mambo ya kupeleka habari hewani bila waya, akafundisha chuo kikuu mpaka nywele zikaingia mvi. Wenzake walifanyia utafiti wao mjini, kwenye lami. Yeye alisema milima yetu ndiyo mtihani, kwa sababu hapa mvua inakuja karibu kila alasiri, radi inapiga kama imetumwa, na kila mtu amepanda mikaratusi kwenye mpaka wa shamba. Siku niliyomwona mara ya kwanza alikuwa ameketi juu ya mwamba, ameshika kopo tupu la mafuta ya kupikia. Lilikuwa limetobolewa na kuingizwa kiwaya, naye analielekeza upande wa Itumbe, kule kwenye kiwanda cha chai. Nikamuuliza kama anangoja kuwekewa mafuta. Akasema, "Mama, nasikiliza." Nikajua huyu tutapatana.

Mlingoti na mlingoti lazima ionane. Hilo mnalijua kwa vitabu, mimi nalijua kwa miguu. Jani kavu halina neno, lakini mkaratusi ukishanyeshewa, kila jani limebeba maji, na maji yanameza kile unachotuma. Kwa hiyo usipime njia asubuhi wakati jua limewaka ukaenda nyumbani ukilala usingizi. Ngoja mvua ipite, pima tena majani yakidondosha. Na ukiweka nguzo ya antena karibu na zizi, zungushia miiba. Kuna jirani alimfunga ndama wetu wenyewe kwenye nguzo yetu wenyewe, ndama akazunguka akitafuta nyasi, akageuza antena ikatazama upande wa Tabaka. Itumbe wakakaa bila mtandao, Profesa akakagua kompyuta mpaka macho yakawa mekundu, na ndama anatutazama tu akitafuna.

Tulicheka sana siku zile. Lakini nimeketi kuandika kwa sababu ya jambo lingine, ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu kwa watu wa boda boda, na wanalisimulia vibaya.

Mlingoti wa Manga umesimama kwenye shamba la Mzee Ondieki. Alitupa mahali pale kwa neno la mdomo, kwa sababu zahanati ya chini haikuwa na njia ya kuzungumza na madaktari wa Kisii. Mzee ana mwana mmoja nyumbani, Ombati, anayefanya kazi kiwandani Itumbe. Mke wa Ombati ni Kemunto, mzaliwa wa Tabaka. Nyumba ya Ombati na ya Mzee ziko boma moja, unaweza kurusha hindi la kuchoma kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Sasa, wale msio wa kwetu, sikilizeni hapa, ndipo mtaelewa. Kwetu mwana akioa, baba yake haingii tena katika nyumba ya mwana. Si kwamba wamegombana. Ni heshima, tunaiita chinsoni, aibu ile nzuri inayowafanya watu waishi boma moja bila kukanyagana. Baba mkwe atasimama nje, atakohoa, atamtuma mtoto. Mvua ikimkuta atasimama chini ya mgomba alowe. Mlango wa mke wa mwanawe, na zaidi chumba anacholala, hakipo kwa macho yake mpaka siku anakufa.

Wakati huo Profesa alikuwa ameingia kwenye mambo ya miwani. Alitaka nyumba nzima ipite hewani kwenye netiweki yetu dhaifu, ili muuguzi aliye Kisii avae miwani na aingie kwa mama aliyejifungua huku mlimani, aone anapolala mtoto, moshi unatokea wapi, maji yamewekwa wapi, bila kupanda kwa miguu kwenye matope. Alihitaji nyumba moja ya kujifunzia. Kemunto alikuwa na mtoto mchanga, na nyumba yake ilikuwa safi kuliko zetu zote. Profesa aliwaomba yeye na Ombati, wakakubali. Kemunto akapiga deki, akatandika shuka mpya ya zambarau, akaweka vitambaa alivyofuma mwenyewe juu ya kila kiti. Wanafunzi wakapita na kamera yao kila kona, sebule, jiko, chumba. Akawafungulia chumba kwa fahari. Hakuna kati yetu aliyeona hatari. Profesa ni mtoto wa mila hizi kama mimi, na alijua Mzee hawezi kuingia mlangoni. Lakini nani aliwahi kuufikiria mlango ulio ndani ya miwani?

Ile nyumba ikawa kazi kubwa ya maisha yake. Alikaa nayo miezi, akitafuta namna ya kuipunguza ili ipite wakati wa mvua bila kukatika katika. Watu wa vyuo vya mbali waliomba waione. Wageni wa ng'ambo wakaahidi kuja mpaka Manga, na kama wangeridhika kazi ingepanuka ifike zahanati nyingine.

Kabla yao tukafanya siku ya wanakijiji. Tulijaa kwenye hema nje ya zahanati. Tulipanga watu waingizwe katika wodi ya Kisii, picha ije kupitia mlingoti, kila mtu aone ni kazi safi. Televisheni iliwekwa mbele ili waliokaa waone anachoona aliyevaa. Wakavaa wachache, wakacheka. Kisha Mzee Ondieki akasimama na fimbo yake, akasema mlingoti uko kwake na hajawahi kuonja matunda yake.

Nikamvalisha mwenyewe. Nikashika kiwiko.

Ndipo mvua ikashuka. Mnajua mvua yetu, haibishi hodi. Wodi ikaganda, ikapotea. Kijana wa kompyuta, Evans, mwanafunzi wa Profesa aliyetoka upande wa Machakos na asiyejua mila zetu, akaona aibu mzee wa watu abaki gizani. Akafungua kilichokuwa tayari kimehifadhiwa ndani ya miwani, kisichohitaji hewa wala mlingoti.

Niliona kwenye televisheni. Mlango wa bluu, vitambaa, kiti. Nilidhani ni jicho langu. Mzee akapiga hatua moja, kiwiko chake kikanivuta, akageuka kushoto kama mtu anayetafuta mwanga, na pale mbele yetu sote kukatokea shuka ya zambarau. Watu nyuma wakaanza kucheka, wakidhani ni mchezo. Mimi nilisikia mkono wake ukiwa mgumu kama mpini wa jembe.

Akasema polepole, "Hiki kitanda ni cha nani?"

Profesa alikuwa ameshaivua miwani kichwani mwa Mzee kabla hajamaliza kuuliza. Lakini Mzee alikuwa ameona. Na Kemunto, aliyekuwa safu ya tatu na mtoto kifuani, alikuwa amemwona akiona. Akajifunika uso kwa leso, akatoka kwenye mvua hivyo hivyo. Kicheko kikakatika. Ukasikia maji tu juu ya turubai.

Mzee alinipa fimbo yake niishike, akafuta uso, akaichukua tena. Akaniambia, "Mwambie mwanangu nimeingia kwake." Hakumtazama Profesa. Akaenda.

Asubuhi iliyofuata Kemunto alikuwa ameshafika kwao Tabaka na watoto wote. Ombati akanijia macho yamevimba. Alisema mkewe hakumtukana mtu, alisema tu hivi: atammwagiaje baba mkwe maji ya kunawa, naye mzee anajua rangi ya shuka yake? Mzee naye akatuletea neno kupitia mzee mwenzake, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Mke wa mwanawe asiporudi, mlingoti unang'olewa. Hatakaa akitazama chuma kilichomwondolea mke wa mwanawe kila akifungua mlango. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Mtu mwenye hasira unamngoja apoe.

Wageni walikuwa njiani, wafike baada ya Sabato yetu ya Jumamosi. Muuguzi wa zahanati akanishika nguo, akaniuliza kama kweli tutamrudisha kwenye kupanda kichuguu akitafuta mtandao huku mama anavuja damu. Nikamwambia sijui. Hilo nalo mlijue, kwenye kazi hii neno la kweli mara nyingi ni sijui.

Wazee wakaketi kwa Ondieki, chini ya mabati ya banda la chai. Sisi wanawake tulikaa kando lakini tulisikia yote. Evans aliomba kusema. Maskini, alikuwa hajala tangu siku ile. Alisema kwa heshima kwamba Mzee hakuingia mahali popote, miguu yake ilikuwa hemani, alichoona ni picha tu, kama picha ya harusi iliyotundikwa ukutani. Nikaona baadhi ya wazee wanatikisa kichwa kukubali. Njia ilikuwa imefunguka. Profesa angesema neno moja tu, ndiyo, ni picha, na mambo yangeisha, na Kemunto angeitwa na kuambiwa ameona aibu bure.

Mzee mmoja akamgeukia Profesa. "Binti yetu, wewe ndiye uliyesoma. Aliingia ama hakuingia?"

Nilitamani kumfinya Profesa aseme. Nilimwona akitazama mlingoti pale juu. Kisha akasema, "Wazee wangu, nikisema ni picha nitakuwa nawadanganya. Miaka yangu yote nimetafuta namna ya kumfanya anayevaa ahisi ameingia kweli, mpaka mwili wake ukubali. Nikifaulu ndipo nasifiwa. Mzee alipiga hatua. Alitafuta mlango. Siwezi kusimama mbele yenu leo niseme hakuingia."

"Kwa hiyo aliingia."

"Aliingia. Na iliyomwingiza ni kazi yangu, si yeye mwenyewe."

Evans akashika kichwa. Mimi nilikasirika, nisiwafiche. Nilisema moyoni, mwanamke huyu ameng'oa mlingoti kwa ulimi wake. Lakini niliona Mzee Ondieki akivuta pumzi, ya kwanza nzima tangu hemani. Mtu aliyebeba kitu ambacho wengine wanasema hakipo anachoka kuliko aliyebeba gunia.

Wazee wakataja mbuzi wa kuondoa aibu ile, Profesa akamtoa. Wakasema mengine yako kwa mwenye nyumba, yaani Kemunto, na wakanituma mimi na Profesa twende Tabaka. Evans akabaki nyuma, wanaume hawakuwa na kazi kule.

Tulimkuta Kemunto uani kwa mama yake. Kwao wanachonga mawe yale laini, na wanawake husugua vinyago ndani ya beseni la maji mpaka vilainike. Alikuwa na kiboko wa jiwe mkononi, anamsugua kama amemkosea. Hakusimama. Alituambia karibuni, akaendelea.

Profesa hakupamba maneno. Alimwambia alichosema kwa wazee, na kwamba amekuja kuuliza ni nini kitamrudisha.

Kemunto akasugua. Halafu akasema, "Pale Manga nina nyumba mbili. Ile ya matofali hajaingia mtu. Ile nyingine ndiyo iliyoingiwa. Siwezi kulala kwenye moja wakati nyingine iko wazi, mtu yeyote anapita."

"Nitaifunga," Profesa akasema. "Nitaweka neno la siri, hata mimi nisifungue bila wewe."

"Umefunga mara ngapi vitu vikafunguka? Nataka ife. Na nataka nione ikifa."

Mama yake Kemunto akaguna. Mimi nikatazama chini. Mnaelewa alichokuwa anaomba? Miezi ile yote, wageni wale, karatasi za Profesa ambazo alikuwa ameandika nusu, vyote vilikaa ndani ya nyumba ile.

Profesa akasema, "Sawa."

"Na zile ulizotuma mbali? Ama unadhani sijui? Ombati aliniambia hata ng'ambo iko."

"Na hizo."

Kwa hivyo kabla ya Sabato kuingia nilikaa jikoni kwa zahanati nikimchemshia chai huku akipiga simu. Sijui Kiingereza cha kutosha, lakini kufokewa nakujua kwa lugha yoyote. Kuna mmoja alimfokea sana. Profesa alisema jambo lile lile, tena na tena, mpaka kila mmoja akafuta na kumwonyesha kwamba amefuta. Nilimuuliza wageni wataonyeshwa nini. Akasema wataonyeshwa mtu anayejua kushika kiwiko. Alijaribu kucheka, chai ikammwagikia.

Niwaambie tu sasa, kwa sababu mtauliza: wageni walikuja, waliona wodi na muuguzi, na hawakupanua kitu. Ilimchukua Profesa muda mrefu kuanza tena. Nyumba mnayofundishiwa leo ndani ya miwani, ile yenye paa la kijani, haina mwenyewe popote duniani. Tuliijenga kuanzia ardhini ndani ya kompyuta, na kabla ya kuingia kuna swali linaulizwa: nani hapaswi kuvuka mlango huu? Mnabonyeza haraka haraka mpite. Sasa mnajua lilitoka wapi.

Lakini Jumapili ile hatukujua lolote. Kemunto alikuja na mama yake na watoto, akasimama uani, mbali na mlango wake. Hakuahidi chochote. Alisema ataangalia kwanza, kisha ataamua alale wapi. Mzee Ondieki alisimama ng'ambo ya ua wa miti, ametupa mgongo, kama ilivyo haki. Ombati alikuwa anatafuna jani la mgomba bila kujua anatafuna nini.

Nikafuta miwani. Nikamvalisha Kemunto, nikamwekea nywele vizuri ili mkanda usimvute. Nikamshika kiwiko. Profesa alikaa kwenye kigoda, kompyuta magotini.

"Niko ndani," Kemunto akasema.

"Nianze wapi?"

"Chumba."

Profesa akabonyeza. Niliona kwenye kioo cha kompyuta kitanda kikitoweka, kisha kuta zake, kukabaki weupe mtupu. Kemunto akapumua. Akageuza kichwa, akapita sebuleni polepole, na mimi nikipita naye kwenye nyasi. Akasema viti. Viti vikaenda na vitambaa vyake. Akasimama jikoni muda mrefu mpaka tukadhani amebadili nia.

"Magokoro," akaniita, nyanya kwa lugha yetu, "ni nyinyi mliopeleka sufuria yangu nyeusi hivi mpaka ng'ambo?"

"Tulikuambia ufiche ukakataa."

"Mlisema nifiche moshi. Hamkusema sufuria." Mama yake akacheka puani, akajizuia. Kemunto hakucheka. "Toa jiko."

Jiko likaenda. Ukabaki mlango wa bluu peke yake, umesimama katika weupe bila ukuta. Profesa alikuwa ameweka kidole tayari lakini hakibonyezi. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye mikono na hakuyafuta. Kemunto hakuweza kumwona, alikuwa ndani.

"Umekwama?" akauliza.

"Hapana," Profesa akasema. Akabonyeza.

Kemunto alizunguka mahali pamoja, kichwa kikitafuta huku na huku, mkono mbele. Hakukuwa na kitu cha kugusa. Nikamwacha azunguke mpaka aridhike. Kisha akaivua miwani mwenyewe, akanikabidhi, akafinya macho kwa jua. Akamtazama Profesa pale kwenye kigoda, uso umelowa. Akavua leso yake begani, akamwekea magotini juu ya kompyuta. Akamchukua mtoto kwa mama yake. Akatupita sote.

Mlango ukajibamiza. Tukasikia komeo likiingia mahali pake kwa ndani.

Hakuna aliyesogea. Kutoka ng'ambo ya ua, bado ametupa mgongo, Mzee akaniuliza, "Ameingia?"

"Ameingia, Mzee."

"Amefunga?"

"Amefunga."

Akainua fimbo yake. Halafu akasema tuwaondoe watu uani, mwanamke anataka kupumzika nyumbani kwake, akashika njia ya kwenda kwenye shamba lake la chai.